Rangi ya Midomo Isilete Matusi Nyumbani



Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona dogo mpaka siku linapovunja amani ya nyumba. Jambo lenyewe ni kujipodoa: poda, wanja, rangi ya midomo, rangi ya kucha na krimu za uso. Sikusudii kuwaambia kama ni vizuri au ni vibaya msichana kujipaka. Wanaosema hilo ni wengi tayari, na hawapatani. Nataka tuangalie namna ya kulizungumza na watoto, hasa pale ambapo ninyi wawili, baba na mama, hamna mawazo sawa.

Chukueni mfano huu. Ni Jumapili asubuhi hapa Kebirigo. Binti wa miaka 14 ametoka chumbani akiwa amepaka midomo rangi nyekundu aliyoazima kwa rafiki yake. Baba anamwona. Hamwambii binti neno lolote. Anamgeukia mama na kusema, "Ona kazi yako." Mama, ambaye naye hupaka poda kidogo siku za harusi, anajibu kwa ukali kwamba mtoto ni wa wote wawili. Maneno yanapanda, na mwishoni baba anatamka lile neno wanaloitwa wanawake wanaouza miili yao. Wadogo zake binti wanasikia. Binti anarudi ndani, anajifuta midomo kwa kipande cha gazeti, na wote wanakwenda kanisani kimya.

Baba ameshinda, lakini ameshinda nini? Binti atapaka tena, ila sasa atapaka njiani au kwa rafiki yake. Na siku atakapouziwa sokoni krimu yenye sumu hatakuwa na mtu mzima wa kumwonyesha kile kikopo kabla hajakifungua.

Mawazo ni mengi hapa kwetu

Sisi watu wa Gusii tunajua kuishi na mawazo mbalimbali hata kama hatujisifu kwa hilo. Wakatoliki na Wasabato waliingia katika milima hii karibu wakati mmoja, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza iliyoanza mwaka wa 1914, na tangu hapo tumeoana, tumezikana na kuchuma chai pamoja. Nyumba nyingi za Kisii na Nyamira zina bibi Msabato na mama Mkatoliki, au kinyume chake. Wasabato wengi hufundishwa usahili: hawavai vito, na hawapendi uso uliopakwa rangi. Kwa Wakatoliki wengi jambo hilo huachiwa kiasi na busara ya mtu. Kisha kuna shangazi aliyerudi kutoka Nairobi na kucha ndefu za rangi, kuna mwalimu anayekagua nyuso getini, na kuna simu. Mtoto yuko katikati ya hawa wote. Tusishangae akiuliza.

Tukumbuke pia kwamba kujipamba hakukuja na gari la mzungu. Mama zetu wa zamani walivaa ebitinge, pete za chuma miguuni, na mtu akiziona alijua kwamba huyu ni mke aliyeolewa kwa ng'ombe. Pambo lile lilikuwa na maana iliyosomwa na kijiji kizima. Ukimweleza binti yako hivyo atakuuliza swali zuri: je, rangi ya midomo nayo inasema nini, na nani anaisoma? Hapo ndipo mazungumzo huanza, kwa sababu bibi anasoma kitu kimoja, shangazi anasoma kingine, na kijana wa bodaboda anasoma cha tatu.

Ensoni si ukimya

Baba wengi huniambia, "Katekista, mimi nitaongeaje na binti yangu juu ya uso wake? Kuna ensoni." Ni kweli. Kwa mila zetu, ensoni ndiyo inayopima nani aseme nini mbele ya nani. Baba hazungumzi mambo ya mwili na binti yake aliyekwisha kukua. Lakini angalieni vizuri jinsi mila yenyewe ilivyopangwa. Iliponyamazisha baba ilimfungulia mlango magokoro, yaani bibi, ambaye anaruhusiwa kumtania mjukuu wake na kumwambia mambo waziwazi. Kwa hiyo wazee hawakuacha mtoto bila mtu wa kusema naye. Sisi leo tumechukua ensoni ya baba, tukamwacha bibi shambani, halafu tunashangaa kwamba mtoto amejifunza kila kitu kwenye simu. Na wengine wanaojitetea kwa ensoni huisahau kabisa wanapotukana. Lile neno zito la Jumapili asubuhi lilikuwa na ensoni gani?

Baba anaweza kusema bila kuvuka mpaka. Si lazima ataje mwili wa mtoto. Ataje hofu yake mwenyewe. Kwa mfano: "Mama, nilipoona ile rangi asubuhi niliogopa kwamba watu wakubwa watakuchukulia kama mtu mzima. Hiyo ndiyo hofu yangu. Wewe ulipoipaka ulikuwa unafikiria nini?" Kisha anyamaze, asikie jibu. Huenda atasikia, "Nilitaka kufanana na wenzangu wa kwaya." Au huenda atasikia jambo ambalo hakulitegemea: "Nina chunusi, na wavulana wananicheka." Huyo wa pili hahitaji hotuba juu ya maadili. Anahitaji sabuni nzuri, na labda muuguzi wa zahanati.

Ninyi wawili kwanza

Watoto hujifunza kubishana kwa kuwatazama ninyi. Mkiitana majina, wataitana majina. Mama akisema pembeni, "Paka tu, baba yako ni mshamba," amemfundisha mtoto kwamba mtu asiyekubaliana nasi ni mjinga. Baba akisema, "Mama yako anakuharibu," amefundisha jambo lile lile kwa njia nyingine.

Sisemi kwamba mfiche tofauti zenu. Wazazi wengine hudhani umoja wa ndoa ni kusema neno moja kila mara, na mtoto akiona mpasuko wanaogopa. Mimi naona ni afadhali mtoto asikie baba akisema, "Mimi sipendi, na sababu yangu ni hii. Mama yako anaona tofauti, na ana sababu yake, mwulize." Mtoto anayesikia hivyo anapata shule kubwa: watu wawili wanaopendana wanaweza kutofautiana na bado wakala sahani moja. Jambo la kupatana kabla ya kumwita mtoto ni uamuzi, yaani nini kitaruhusiwa katika nyumba hii na kuanzia umri gani. Mawazo yanaweza kuwa mawili, lakini ruhusa iwe moja.

Tenganisheni maswali

Mabishano mengi juu ya vipodozi hayaishi kwa sababu watu wanabishania mambo matatu kana kwamba ni moja. Bibi anaongea juu ya dhambi, mwalimu anaongea juu ya kanuni, binti anaongea juu ya kupendeza, na mama anawaza fedha. Wafundisheni watoto kuuliza kwanza: hapa tunaongea juu ya nini hasa?

Kuna swali la afya. Hili halina kura nyumbani, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zinazouzwa kwa kificho zina zebaki, madini yale yale yaliyokuwa katika vipimajoto vya zamani. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo. Huweza pia kuleta vipele na mabaka, na kuwadhuru watu wengine wa nyumba, hata mtoto mchanga anayelala kifuani mwa mama aliyejipaka. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuiacha ngozi na madoa meusi kuliko yale yaliyokuwapo mwanzo. Serikali yetu imepiga marufuku krimu za namna hiyo, na nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata juu ya zebaki zilikubaliana mwaka wa 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe ifikapo mwaka wa 2025. Lakini marufuku ya karatasi na kikopo cha sokoni ni vitu viwili. Mfundisheni mtoto kusoma kibandiko: je, viungo vimeandikwa? Je, mtengenezaji anajulikana? Je, kuna nembo ya Shirika la Viwango, KEBS? Kikopo kisicho na maandishi, au kilichojazwa na muuzaji mwenyewe, kirudi kilikotoka. Wanja wa kienyeji nao wakati mwingine huwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto, kwa hiyo msimpake mtoto mchanga machoni hata kama jirani anasema huleta macho makubwa. Na penseli ya wanja haiazimwi, kwa sababu ugonjwa wa macho mekundu hupita nayo kutoka kwa msichana mmoja hadi bweni zima.

Kuna swali la kanuni ya mahali. Shule nyingi zinakataza rangi za uso na kucha. Mwanafunzi anaweza kutokubaliana na kanuni na bado aitii huku akiuliza sababu yake kwa adabu. Mwelezeni kwamba kanuni ya namna hii si lazima iwe hukumu juu ya tabia ya mtu. Katika viwanda vya vyakula mara nyingi wanaoshika bidhaa hukatazwa rangi ya kucha, na wauguzi vilevile, kwa ajili ya usafi tu. Hakuna anayewaita wale wanawake wabaya wakijipaka Jumamosi jioni. Wakati mwingine kanuni yenyewe hugongana na imani ya mtu. Mwaka wa 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba msichana Mrastafari asizuiwe shuleni kwa sababu ya nywele zake za rasta, kwa kuwa nywele zile zilikuwa sehemu ya imani yake. Wasimulieni watoto kesi hiyo, kisha waulizeni: nywele za imani na rangi ya urembo ni jambo moja? Kwa nini? Mtashangaa jinsi mtoto wa miaka 12 anavyoweza kupima mambo akipewa nafasi.

Na kuna swali la dhamiri na mapendezi. Hapa ndipo watu wema hutofautiana kweli.

Hata Maandiko yana sauti zaidi ya moja

Watoto waliofundishwa katekisimu hupenda kurushiana mistari kama mawe. Mmoja atamtaja Yezebeli, aliyejipaka wanja kabla ya kufa kwake. Mwingine atamtaja Mtume Petro, aliyewaambia wanawake kwamba pambo lao liwe la moyoni. Wote wawili wamesema kweli. Lakini waambieni wasome zaidi. Yudithi alijipaka manukato, akasuka nywele na kuvaa vito kabla ya kwenda kuwaokoa watu wake. Esta alitunzwa kwa mafuta na manukato miezi 12 mizima kabla ya kuonana na mfalme. Na Ayubu, baada ya mateso yake yote, alipata binti akamwita Keren-hapuki, jina ambalo maana yake ni pembe ya kuwekea wanja! Mtu yule mwadilifu alimpa mwanawe jina la chombo cha kujipodolea.

Waalimu wa Kanisa nao hawakusema kitu kimoja. Tertuliano wa Karthago, yapata mwaka wa 200, aliandika kwa ukali sana dhidi ya mapambo ya wanawake. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alilitazama jambo lile lile akauliza juu ya nia. Hakupenda mtu ajipake ili kudanganya, lakini aliona si sawa na kuficha alama iliyoletwa na ugonjwa, na alikubali kwamba mke anaweza kujipamba ili ampendeze mume wake. Ikiwa watu wa namna hiyo walitofautiana, mtoto wako asione aibu kusema, "Mimi bado nafikiri."

Msitumie hayo kumshinda bibi. Nawaonya mapema, maana nawajua wengine wenu.

Zoezi la mezani

Nawapa njia moja ambayo haigharimu kitu. Jioni baada ya chakula, simu zikiwa mbali, kila mmoja aeleze maoni ya mtu asiyekubaliana naye, na aeleze vizuri mpaka mwenyewe akubali. Binti anayependa rangi aeleze sababu za bibi. Akisema, "Bibi ni wa zamani," hajaeleza kitu, arudie. Akisema, "Bibi anaamini kwamba Mungu ametuumba vizuri, na kwamba fedha na muda wa kioo vingeweza kusaidia mtu mwingine, na anaogopa nisije nikajipenda kupita kiasi," hapo bibi mwenyewe angetikisa kichwa kwa kukubali. Kisha kaka yake, ambaye jana alimcheka akamwita kinyago, aeleze kwa nini dada anapenda rangi. Asimwache mpaka dada aseme, "Ndiyo, ndivyo ninavyoona." Ni baada ya hapo tu ndipo mtu anaruhusiwa kujibu.

Wavulana msiwaache nje ya zoezi hili. Wao ndio wanaocheka, na wao ndio watakaokuwa waume. Tena nao wana yao: wanapaka nywele rangi, wananyoa michoro kichwani. Mvulana anayedai rangi ya dada yake ni dhambi ilhali yake ni mtindo tu anahitaji kuulizwa swali kwa upole.

Maneno mengine yakatazwe kabisa mezani: mshamba, malaya, mtakatifu wa uongo, kinyago. Badala yake wazoee kusema, "Mimi naona hivi kwa sababu…", na kuuliza, "Ulianza kufikiri hivyo lini?" Swali hili la mwisho ni zuri sana. Bibi akiulizwa hivyo huanza kusimulia ujana wake, na hasira huondoka zenyewe.

Mkitaka kisa cha kuzungumzia, chukueni cha Lupita Nyong'o, mwigizaji wetu wa Kenya. Mwaka wa 2014 alisimulia hadharani jinsi alivyokuwa akiomba Mungu usiku, alipokuwa msichana, aamke akiwa na ngozi nyeupe, na jinsi mama yake alivyomwambia kwamba uzuri hauliwi. Mwaka wa 2019 alitoa kitabu cha watoto kiitwacho Sulwe, juu ya msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Mwanamke huyo huyo, mwaka ule ule wa 2014, alianza kutangaza vipodozi vya kampuni ya Lancôme ya Ufaransa. Waulizeni watoto: je, anajipinga? Wako watakaosema ndiyo. Wako watakaosema kwamba kuongeza rangi juu ya uso wako si sawa na kuuchukia uso wako. Waacheni wabishane mpaka chai ipoe. Mimi naona tofauti hiyo ya pili ni muhimu kuliko maswali yote ya rangi ya midomo, na ndiyo sababu mzazi hapaswi kumsifu mtoto mweupe mbele ya mdogo wake mweusi, hata kwa utani.

Mwisho wa mazungumzo wazazi waseme uamuzi wao na sababu yake. Kwa mfano: rangi ya kucha wakati wa likizo, hapana shuleni, krimu ya kung'arisha ngozi hapana kabisa, na jambo la rangi ya midomo tutalitazama tena ukifika miaka 16. Mtoto anaweza kununa. Kununa si uasi. Mruhusuni alete hoja mpya baada ya muda, nanyi mkiiona ni nzuri mbadili.

Na siku anapokwenda kumsalimu bibi yake Msabato, afanye nini na kucha zake za rangi? Msimwamulie haraka. Huenda atazifuta kwa heshima, kama mgeni anavyovua viatu mlangoni. Huenda ataziacha na kusema, "Magokoro, najua hupendi, lakini sikutaka kukuficha." Njia zote mbili zina heshima. Mwulizeni amechagua ipi na kwa nini, na akirudi jioni mwulizeni bibi alijibu nini.

Kabla hamjawaita watoto, kaeni ninyi wawili mjibizane haya: Je, mume wangu anajua sababu yangu ya kweli, au anajua hasira yangu tu? Je, tumekubaliana nini kinaruhusiwa, au kila mmoja ana sheria yake? Na kama kuna neno zito lililokwisha tamkwa mbele ya watoto, nani atakwenda kwa binti kuliondoa, na lini?